Hesabu na Umeme Mwaka wa Kwanza wa Uhandisi: Pa Kuanzia na Pa Kukawia

Ratiba ya muhula wa kwanza huonyesha masomo mawili yasiyojuana: hesabu za uhandisi asubuhi, misingi ya umeme alasiri, kila moja na mhadhiri wake na CAT zake, ile mitihani midogo ya katikati ya muhula. Uwe Masinde Muliro pale Kakamega, Egerton kule Njoro, Moi kule Kesses au Kisumu National Polytechnic, mambo ni hayo hayo. Wengi huanza kupotea hapo. Fomula za hesabu wanazikariri huku, za umeme kule, na siku mhadhiri wa umeme anapoandika ubaoni namba yenye j ndani yake, darasa zima linatazamana.

Hapa nimeyaunganisha. Kila mada ya hesabu iko pamoja na kazi inayofanya kwenye umeme, kwa mpango ambao ningempa mdogo wangu aliyepata nafasi yake ya chuo kupitia KUCCPS (wanaopanga wanafunzi vyuoni) juzi. Hatua nyingine ni fupi kwa sababu uliyafanya kidato cha nne. Ya nne na ya sita ndizo za kukaa nazo.

Hatua ya 1: Geuza fomula mpaka mkono uzoee

Usikimbilie kalkulasi, ile hesabu ya mabadiliko ya hatua ya nne. Ukichunguza karatasi za wanafunzi waliopata sapu (mtihani wa kurudia) ya umeme, mara nyingi wazo lilikuwa sawa, ila aljebra iliwaangusha mstari wa tatu.

Anza na fomula mbili tu: V = IR, aliyoitoa Georg Ohm mwaka 1827, na P = VI. V ni volteji kwa volti, I ni mkondo kwa ampea, R ni ukinzani kwa omu, P ni nguvu kwa wati. Kutoka hizo, andika mwenyewe P = V²/R, P = I²R na R = V²/P, bila kuchungulia popote. Ukishaweza, zitie kazini.

Chukua koili ya kuchemshia maji ya wati 1000. (Mabweni mengi yameipiga marufuku, na mlinzi akiiona anaondoka nayo. Kwenye karatasi haina kesi.) Stima ya nyumbani Kenya ni volti 240. Mkondo ni 1000 ÷ 240, yaani ampea 4.17. Ukinzani ni 240² ÷ 1000, yaani omu 57.6.

Sasa ifike saa moja jioni, mtaa mzima umewasha kila kitu, na volteji kwenye soketi yako imeshuka hadi 200. Koili itatoa wati ngapi? Wengi hujibu upesi: 200 ni sawa na 240 kutoa sehemu moja ya sita, kwa hiyo wati nazo zipungue kwa sehemu moja ya sita, zibaki 833. Si kweli. Ukinzani wa koili haujabadilika, ungali omu 57.6, kwa hiyo P = 200² ÷ 57.6 = wati 694. Volteji imepungua kwa karibu asilimia 17, nguvu imepungua kwa karibu asilimia 31. Kile kipeo cha pili juu ya V ndicho kilichofanya hivyo.

Endelea na mfano huo huo. Nakuru iko juu kiasi kwamba maji huchemka kwenye nyuzijoto 94 hivi, si 100. Lita mbili kutoka nyuzijoto 24 hadi 94 zinahitaji 2 × 4,200 × 70, yaani jouli 588,000. Kwa wati 1000 ni sekunde 588, karibu dakika 10. Kwa wati 694 ni sekunde 847, dakika 14 na ushee. Hapa tumepuuza joto linalopotea hewani, kwa hiyo sufuria halisi itachelewa zaidi.

Hatua ya 2: Vipimo na kalkuleta

Hii ni fupi, lakini usiiruke.

Mili ni elfu moja chini, mikro ni milioni moja chini, kilo ni elfu juu, mega ni milioni juu. Zoea kuzichanganya kichwani: miliampea ukizizidisha kwa kiloomu unapata volti moja kwa moja, kwa sababu elfu ya chini na elfu ya juu zinafutana. Rezista, yaani kifaa cha kukinza mkondo, ya kiloomu 4.7 ikipitisha miliampea 2 ina volti 9.4. Huhitaji kubonyeza chochote.

Jizoeze pia kupima ukubwa wa mambo. Mtambo wa maji wa Sondu Miriu, katika kaunti ya Kisumu, una uwezo wa megawati 60. Hizo ni koili zetu 60,000 zikiwa zimewashwa kwa wakati mmoja. Turkwel ni megawati 106. Mwanafunzi mwenye picha hiyo kichwani akipata jibu kwamba pampu ya kisima inakula megawati 3, atarudi kutafuta sufuri zilizozidi kabla ya kupeleka karatasi.

Yuniti moja ya tokeni, ile stima ya kulipia kabla, ni kilowati moja ikitumika kwa saa moja, yaani jouli milioni 3.6. Maji yetu ya jouli 588,000 yamekula yuniti 0.16.

Kuhusu kalkuleta: ile ya kidato cha nne inatosha, mradi ujue mahali pa kubadilisha kati ya digrii na radiani. Tutakutana na mtego huo hatua ya tano.

Hatua ya 3: Kirchhoff na milinganyo ya pamoja

Gustav Kirchhoff alitoa sheria zake mbili mwaka 1845 akiwa bado mwanafunzi wa chuo, miaka 21. Ya kwanza: mkondo unaoingia kwenye kiungo ni sawa na unaotoka. Ya pili: ukizunguka njia yoyote iliyofunga ya sakiti mpaka ulikoanzia, volti zilizopanda na zilizoshuka zinafutana.

Hesabu inayohitajika ni ile ya milinganyo miwili yenye visivyojulikana viwili, uliyoifanya sekondari kwa kalamu na machungwa. Chora hii: betri ya volti 12 yenye rezista ya omu 2 mbele yake, na betri ya volti 6 yenye rezista ya omu 1 mbele yake. Zote mbili zinalisha rezista moja ya omu 3. Iite mikondo inayotoka kwenye betri hizo I₁ na I₂. Kwenye omu 3 inapita jumla yake.

Njia ya kwanza: 12 = 2I₁ + 3(I₁ + I₂), ambayo ni 12 = 5I₁ + 3I₂.
Njia ya pili: 6 = I₂ + 3(I₁ + I₂), ambayo ni 6 = 3I₁ + 4I₂.

Ukitatua kwa njia yoyote unayoipenda, I₁ ni 30/11, karibu ampea 2.73. I₂ ni −6/11, karibu ampea −0.55.

Hiyo alama ya kutoa ndiyo inayowatia watu wasiwasi, wanafuta na kuanza upya. Usifute. Inakwambia kwamba mkondo wa betri ya pili unakwenda kinyume cha ulivyochora mshale: betri ya volti 6 haitoi umeme, inachajiwa na ile ya 12. Uliichora mishale kwa kukisia, na aljebra imekurekebisha bila ugomvi. Hakikisha sasa: volti kwenye omu 3 ni 3 × 24/11 = 6.55. Kutoka upande wa kwanza, 12 − 2 × 2.73 inakupa hiyo hiyo, na kutoka upande wa pili, 6 + 0.55 vilevile. Ukifanya uhakiki huu kila mara, utatoka kwenye chumba cha mtihani ukijua alama zako za swali hilo.

Milinganyo ikifika mitatu, tumia matriki. Ndiyo kazi yake hapa, na mhadhiri wa hesabu hatakwambia.

Hatua ya 4: Kalkulasi, kwa kapasita ya mezani

Hapa tukae.

Derivativu ni kasi ya mabadiliko. Sentensi hiyo umeisikia mara nyingi, na huenda haijakusaidia chochote. Kwa hiyo nenda kwa fundi wa redio, wapo tele Kondele pale Kisumu na katika kila soko la kaskazini na kusini yake, umwombe kapasita, kifaa cha kuhifadhi chaji, ya mikrofaradi 1000 ya volti 16 au 25. Akiitoa kwenye bodi kuukuu ni sawa, mradi haijavimba kichwani. Ongeza rezista ya kiloomu 10, betri ya volti 9 na maltimita ya bei nafuu.

Tazama kapasita: ina ukanda ubavuni wenye alama ya kutoa. Mguu wa upande huo ndio hasi. Ukiigeuza itapata moto na inaweza kupasuka, kwa hiyo angalia mara mbili kabla ya kuunganisha.

Pima betri kwanza uandike volti zake. Unganisha chanya ya betri kwenye rezista, rezista kwenye mguu chanya wa kapasita, na mguu hasi wa kapasita kwenye hasi ya betri. Kabla ya kuunganisha waya wa mwisho, gusanisha miguu ya kapasita kupitia rezista kwa muda ili iwe tupu. Weka maltimita kwenye kapasita, washa saa ya simu, unganisha, na usome volti kila baada ya sekunde 10.

Kama betri ni volti 9 kamili na vifaa ni sahihi, utaona karibu 5.7 kwenye sekunde ya 10, 7.8 kwenye ya 20, 8.6 kwenye ya 30, na kufikia ya 50 itakuwa inatambaa kuelekea 8.9. Mwanzo namba zinakimbia, mwisho zinasita. Hiyo kasi unayoiona ikipungua kwenye kioo cha maltimita ndiyo derivativu.

Sasa iandike. Mkondo unaopita kwenye rezista ni (9 − V)/R. Mkondo unaoingia kwenye kapasita ni C × dV/dt, ambapo C ni ukubwa wa kapasita kwa faradi na dV/dt ni kasi ya V kubadilika. Hakuna njia nyingine ya mkondo kupita, kwa hiyo hiyo miwili ni sawa:

C × dV/dt = (9 − V)/R

Huo ni mlinganyo wa tofauti, ule ule unaotisha watu muhula wa pili. Usome kwa maneno: V ikiwa ndogo, upande wa kulia ni mkubwa, kapasita inajaa haraka. V ikikaribia 9, upande wa kulia unakaribia sufuri, kapasita inapunguza mwendo. Umeshaona hayo kwa macho. Ukiutatua unapata V = 9(1 − e^(−t/RC)). RC kwa vifaa vyetu ni 10,000 × 0.001, yaani sekunde 10. Kila sekunde 10 zikipita, pengo lililobaki kufika 9 linapungua hadi asilimia 37 ya lilivyokuwa.

Logariti nazo zinaingia hapa. Toa kila usomaji kutoka kwa 9, tafuta logariti asilia ya jibu, na uchore grafu dhidi ya muda. Mkunjo unageuka kuwa mstari mnyoofu, na mteremko wake ni −1/RC. Kwa hiyo waweza kupata RC halisi kutoka kwenye vipimo vyako mwenyewe, na huenda isiwe 10. Kapasita za aina hii huuzwa zikiwa na nafasi ya kukosea asilimia 20 huku au huku, hivyo 8 au 12 si ajabu. Usirekebishe data ifanane na kitabu. Mhadhiri wa maabara amezoea data za kupikwa, na huzinusa toka mlangoni.

Maltimita yenyewe pia inakula mkondo kidogo. Zile za rangi ya manjano za bei nafuu zina ukinzani wa ndani wa megaomu 1 hivi. Kwa rezista ya kiloomu 10 kosa ni karibu asilimia 1 tu. Lakini mtu akitumia rezista ya megaomu 1 ili kapasita ijae polepole, volti zitagoma kwenye 4.5 na atashinda hapo akilaumu betri.

Kabla ya kuondoka kwenye derivativu, rudi kwa koili. P = V²/R. Tafuta dP/dV, kisha gawa kwa P: unapata kwamba badiliko dogo la asilimia kwenye volti linazaa badiliko la asilimia mara mbili yake kwenye wati. Volti zikishuka asilimia 1, wati zinashuka asilimia 2. Jaribu kwa kushuka kwetu kwa asilimia 16.7: kanuni inasema 33.3, ukweli ni 30.6. Kalkulasi haijakosea. Ilisema badiliko dogo, na volti 40 si ndogo.

Intigrali usiihangaikie sana mwanzoni. Chora wati za koili dhidi ya muda, na eneo chini ya mstari huo ni jouli ulizotumia. Mita ya tokeni hufanya kazi hiyo mchana na usiku.

Hatua ya 5: Sini, radiani na volti 240 zisizo 240

Stima ya ukutani haisimami kwenye volti 240. Inapanda na kushuka kwa umbo la sini mara 50 kwa sekunde, na kilele chake ni 240 × √2, karibu volti 339. Hizo 240 ni wastani wa aina yake: unachukua kipeo cha pili cha volti, unatafuta wastani, unarudisha kwa kipeuo cha pili. Sababu ya kwenda kwenye kipeo cha pili ni ile ile P = V²/R ya hatua ya kwanza. Volti 240 za kupanda na kushuka zinachemsha maji sawasawa na volti 240 za betri.

Mlinganyo ni v = 339 sin(314t), ambapo 314 ni 2π × 50, kwa radiani. Weka t = 0.005. Kalkuleta ikiwa kwenye radiani unapata karibu 339, ndicho kilele. Ikiwa kwenye digrii unapata 9 na kitu. Kalkuleta haitakuonya.

Ukipita karibu na mashine ya posho, uliza kama ni ya fezi tatu. Utaambiwa volti 415. Fezi tatu zimeachana kwa digrii 120, na ukitoa sini moja kutoka kwa nyingine iliyoachana nayo hivyo, kilele cha jibu ni √3 mara ya kilele cha moja. Gawa 415 kwa 1.732 unapata 240 kasoro kidogo. Fanya uthibitisho huo mwenyewe kwa kanuni za trigonometria, ni swali zuri la Jumamosi.

Majaribio yote ya mikono fanya kwa betri. Makumi machache tu ya miliampea yakipita kifuani yanaweza kuua, na ukutani zipo ampea. Soketi za ukutani ziache mpaka uwe maabara na msimamizi.

Hatua ya 6: Namba changamano

Hii haikuwemo katika hesabu za KCSE, mtihani wa kidato cha nne, kwa hiyo kila mtu anaanza sawa. Wanahesabu huandika i kwa kipeuo cha pili cha −1. Sisi huandika j, maana i tayari ni mkondo.

Charles Steinmetz alionyesha mwaka 1893 kwamba namba hizi zinarahisisha hesabu za umeme wa kupanda na kushuka. Kabla ya hapo watu walihangaika na milinganyo ya tofauti kwa kila sakiti. Sababu ni kwamba koili yenye sumaku, kama ya mota, huchelewesha mkondo nyuma ya volti kwa robo mzunguko, na kuzidisha kwa j ni kugeuza kwa digrii 90. Basi. Usitafute maana ya kifalsafa.

Mota ya pampu ina ukinzani wa omu 30, na kizuizi cha sumaku cha omu 40 kwenye hezi 50. Andika 30 + j40. Chora: 30 kwenda kulia, 40 kwenda juu. Urefu wa mshale ni 50, pembe ni digrii 53. Mkondo kwa volti 240 ni ampea 4.8, ukichelewa kwa digrii 53.

Wati halisi ni I²R = 4.8² × 30 = 691. Lakini 240 × 4.8 ni 1152. Zile nyingine hazikupotea: nishati inakwenda kwenye sumaku ya mota na kurudi, huku na huku, bila kusukuma maji. Uwiano wa 691 kwa 1152 ni 0.6, ambao pia ni kosini ya digrii 53. Nyaya, hata hivyo, zinabeba ampea zote 4.8 na kupata joto lake.

Malizia swali hilo kwa kuweka kapasita sambamba na mota. Yenyewe hutanguliza mkondo kwa digrii 90, kwa hiyo sehemu yake ya j inafuta ya mota. Inatakiwa ibebe zile zinazokwenda na kurudi, 4.8² × 40, yaani 922: C = 922 ÷ (240² × 314), karibu mikrofaradi 51. Mkondo kutoka kwenye laini unashuka hadi 691 ÷ 240, ampea 2.88. Joto kwenye nyaya linafuata I², na (2.88 ÷ 4.8)² ni 0.36. Mota inafanya kazi ile ile, nyaya zinapoteza theluthi moja na kidogo ya zilivyokuwa zikipoteza.

Ukiweza kulifanya swali hili lote kutoka mwanzo kwa namba nyingine, tuseme 18 + j24, chukua karatasi za mitihani ya miaka iliyopita. Usianze nazo mapema. Anayeanza nazo wiki ya pili hukariri majibu, na anayekariri majibu mwisho huishia kuandika mwakenya, kile kikaratasi cha kuibia mtihani. Fanya swali, funga, lirudie baada ya wiki bila kutazama. Na kwenye kikundi cha kusoma, anayeandika ubaoni awe yule ambaye hajaelewa, wengine wakae na kumuuliza.